Mtoto wa Kuazima

Alhamisi saa saba mchana Asane Thiaw alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba ikifika Jumamosi lazima awe amejifungua.

Kumba alikuwa amechuchumaa uani akipara samaki. Kwanza alidhani ni mzaha, maana mumewe alikuwa mtu wa mizaha. Mizaha hiyo ndiyo iliyomfanya amkubali, enzi zile yeye akifua mashuka kwenye hoteli moja mjini Dakar na Asane akiuza bangili za shanga nje ya geti. Lakini alipoinua uso alimwona amesimama bila begi lake la bidhaa, jasho linamtiririka shingoni, macho hayatulii mahali pamoja.

"Nijifungue nini?" aliuliza.

"Mtoto. Wa kike. Leo ana siku tano. Jumamosi ndiyo anapewa jina." Asane alitupa jicho upande wa chumba cha wapangaji wengine. "Inuka twende ndani."

Ndani Asane hakukaa. Alikwenda dirishani, akarudi mlangoni, akachukua kikombe cha maji akakiweka bila kunywa. Maneno yalimtoka vipande vipande, na ilibidi Kumba ayaunganishe mwenyewe. Biashara ya bangili ilikuwa imekufa zamani. Hakuna mgeni anayenunua bangili barabarani siku hizi, wote wameonywa. Kwa hiyo huwauzii. Unawapa.

"Unamwekea mkononi," Asane alisema. "Unamwambia, leo sichukui hata faranga moja, leo nina furaha, mke wangu kajifungua, nagawa zawadi kwa kila nitakayekutana naye. Akishaifumbata tu, umempata. Nani anarudisha zawadi ya mtoto mchanga? Ndipo unamgusia habari ya kondoo wa sherehe. Gunia la mchele. Anatoa mwenyewe, Kumba. Sijamwibia mtu."

"Tangu lini?"

"Tangu msimu wa wageni uanze."

Kumba alijifuta magamba ya samaki kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo nimezaa mara ngapi?"

Asane alikwenda tena dirishani.

"Nakuuliza mara ngapi, Asane."

"Siku nyingine mara mbili," alisema.

Mwezi wa pili wa mwaka huohuo Kumba alikuwa amepasuliwa hospitalini, na alipozinduka jioni aliambiwa mtoto alikuwa wa kike na ameishi mpaka alasiri. Hakumwona. Asane ndiye aliyemshika, akamsomea adhana sikioni, akampa jina, na kabla jua halijazama akaenda na wanaume wawili kumzika. Jina lile alimnong'oneza Kumba mara moja tu, kitandani hospitalini. Tangu siku ile halikutamkwa tena na yeyote kati yao, na wala hakuna mtu wa tatu aliyelijua.

Sasa alimtazama mumewe akizungukazunguka chumbani kama kuku aliyetafutiwa kisu.

"Na Jumamosi kuna nini?"

Jumamosi kulikuwa na mgeni. Mwanamke wa Kibelgiji, mtu mzima, mvi kichwa kizima, anaitwa Godelieve. Jumatatu Asane alimpa bangili kando ya Uwanja wa Uhuru, na badala ya kutoa noti mbili aondoke kama wenzake, mama yule alimkumbatia palepale barabarani, akamvuta mpaka hotelini kwake akampa elfu themanini za kondoo. Kisha akasema atakuja kwenye sherehe. Asane alijaribu kumwambia mtaa uko mbali. Mlinzi wa hoteli, aliyekaa njia ya pili kutoka kwa akina Asane, akajitia wema: napajua kwao, mimi nitamleta.

"Mwambie mtoto anaumwa."

"Nimemwambia leo. Kasema kama anaumwa anakuja leoleo. Ilibidi nimponye hapohapo." Asane aliketi hatimaye, ukingoni mwa kitanda. "Kumba, mwenzangu Laye walimkamata kwa bangili tu. Miezi mitatu ndani. Mimi nimechukua elfu themanini, na mlinzi ananijua mpaka mlango wangu."

Pazia la mlangoni likasogea. Mama Sukeyna, mama yake Asane, aliingia bila kubisha hodi, na ilionekana wazi kwamba alikuwa amesimama pale kitambo.

"Na yale mengine umemwambia?" alimuuliza mwanawe.

"Mama."

"Mwambie. Huyo mama hana mtoto wala mjukuu. Amesema atamtumia msichana wetu pesa kila mwezi mpaka aanze shule." Mama Sukeyna aliketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu yake iliyovimba. "Kila mwezi, binti yangu. Sisi tumefanya ubaya gani, tukipewa?"

"Msichana gani, mama?" Kumba aliuliza.

Mama Sukeyna alitazama pembeni. "Tutampata," alisema.

* * *

Ijumaa yote nyumba haikutulia. Asane alikodi viti kumi na turubai, akapiga simu kwa watu wa kuja kukaa kwenye viti, akawaambia kila mmoja habari tofauti. Mama Sukeyna alitwanga mtama wa uji, na kila mara aliacha mchi akaenda kuchungulia nje, kana kwamba yule mgeni angetokea siku moja kabla. Kondoo hakununuliwa. Walinunua kuku sita na samaki wakubwa watatu, na Asane akafundishwa na mama yake aseme kondoo alichinjwa alfajiri na nyama yote imegawiwa msikitini.

Mtoto alikuwa wa Ndella Diop, mpangaji wa chumba cha nyuma. Mumewe Ndella alikuwa dereva wa lori njia ya Tambakunda na alirudi mara moja kwa mwezi. Asane na Kumba walipomwendea, Ndella alikuwa ananyonyesha, na hakuacha kunyonyesha.

"Elfu tano," alisema.

"Ndella, ni kwa muda wa saa mbili tu."

"Elfu tano, na mimi nakaa chumba hichohicho namwona. Na sahani yangu ya wali iwe ya kwanza." Akamgeukia Kumba, akatabasamu kidogo. "Si wewe, dada. Ila nyinyi akina Ndiaye nawajua kwa ulafi, mtamla mwanangu na uji."

"Akina Diop mnazungumza ulafi?" Kumba alijibu, kwa sababu ndivyo ilivyo kati ya ukoo huu na ule aliozaliwa yeye, lazima utani ujibiwe. Lakini sauti yake haikuwa na utani, na Ndella alilisikia hilo. Akamwinua mtoto begani ampige mgongo acheue.

"Kuna jambo mmesahau," Ndella alisema. "Seydou ni mwanaume."

Asane alifikiri kidogo. "Kwani mgeni atamvua nguo?"

"Na ana wiki tano."

"Mzungu atajuaje wiki tano na wiki moja? Watoto wote si wanafanana."

Mchana ule Mama Sukeyna alimletea Kumba bubu, lile vazi pana la sherehe, la hariri ya bandia, la rangi ya dhahabu, alilolikodi kwa mwanamke wa sokoni. Akaleta pia shuka kuukuu, akalikunja, akamzungushia kiunoni ili tumbo lionekane bado halijarudi. Mikono yake ilifanya kazi haraka. Ilipogusa kovu la upasuaji chini ya kitovu ilisita, kisha ikaendelea kufunga.

"Usijibane sana," alisema bila kumtazama usoni. "Wewe lala tu. Mzazi haongei sana."

Kumba alisimama na lile furushi kiunoni. Alikuwa amekwishakataa mara mbili, na mara zote mbili Asane alimjibu neno moja tu: gerezani.

* * *

Godelieve alifika saa nne kasoro, akiongozwa na mlinzi wa hoteli, ambaye aliangalia viti vilivyopangwa, akamwangalia Kumba mlangoni, akakohoa, akaaga. Mlinzi alikaa mtaa uleule. Alijua vizuri nani kazaa na nani hakuzaa.

Mgeni alikuwa mrefu, amevaa viatu vya ngozi vya kutembelea, na ameshika mfuko mkubwa wa karatasi kwa mikono yote miwili. Alimsalimia kila mtu aliyeketi chini ya turubai, mmoja baada ya mwingine, akiwatamkia salamu ya Kiwolofu aliyofundishwa hotelini. Watu walifurahi. Mzee mmoja, aliyeambiwa na Asane kwamba ni hitima ya babu, alimpa pole.

Wakamwingiza chumbani. Kumba alikuwa ameegemea mito, uso umepakwa wanja, Seydou mapajani amefungwa kitambaa cheupe mpaka kidevuni. Ndella aliketi kona ya chumba na sahani yake. Mama Sukeyna alikaa kwenye kigoda. Asane alisimama katikati kama mtu wa redio, akitafsiri hata yasiyohitaji tafsiri, kwa Kifaransa chake cha barabarani.

"Mke wangu anasema karibu sana. Anasema wewe ni mama yake."

Kumba hakuwa amesema kitu. Kifaransa alikijua kuliko mumewe, miaka mitatu ya kufua hotelini na minne ya sekondari, lakini waliafikiana ajifanye hakijui.

Godelieve aliketi ukingoni mwa kitanda. Alitazama kile kifurushi cheupe, akatabasamu mpaka machozi yakamlengalenga.

"Basi huyu ndiye Yande," alisema.

Lilikuwa jina lile alilonong'onezwa Kumba hospitalini. Alimtazama Asane. Asane alikuwa anatazama sakafu.

"Yande," mama yule alirudia, akijaribu utamu wa jina. "Nimekuwa nalisema wiki nzima ili nisilikosee." Akafungua mfuko. Alitoa fulana mbili ndogo, soksi, blanketi, na mwisho kofia ya sufi ya rangi ya maziwa. "Hii nimeifuma mwenyewe. Usiku sipati usingizi, uzee huo. Nimeifuma kwa usiku mbili."

Kwenye ukingo wa kofia, kwa uzi mwekundu, palishonwa herufi tano. Y-A-N-D-E. Kumba hakuwahi kuliona jina lile limeandikwa. Hospitalini waliandika *mtoto wa Kumba Ndiaye*, basi. Alizitazama zile herufi, moja moja, na hakuweza kuondoa macho.

"Anasema nini?" Mama Sukeyna aliuliza.

"Anasema kofia ya mtoto," Asane alisema.

"Mwambie asante. Mwulize kuhusu ile ya kila mwezi."

Godelieve alinyoosha mikono. Hakuomba kwa maneno. Alimchukua Seydou kwa mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya makalio, jinsi mtu anavyochukua kitu alichokichukua mara elfu, na Ndella kule kona akaacha kutafuna. Mtoto aliinua kichwa chake mwenyewe, akakishikilia. Godelieve akapitisha kidole mbele ya macho yake, kushoto, kulia. Macho yakafuata kidole. Kisha mtoto akamtazama usoni, akacheka.

Tabasamu la mama yule halikuondoka mara moja. Lilipungua polepole. Alilegeza kitambaa kidogo, akaangalia kitovu kilichokwisha kupona, akafunga tena kwa uangalifu. Hakuhitaji kufungua zaidi.

"Nimezalisha wanawake kwa miaka thelathini na minne," alisema kwa sauti ya chini, akimtazama mtoto.

"Anasema mtoto ni mzuri," Asane alitafsiri.

"Mtoto wa siku saba hacheki."

"Anasema anafanana na baba."

Mama Sukeyna akapiga makofi kidogo kwa furaha. Nje mtu alikuwa anaitisha maji ya kunawa. Godelieve aliinua uso, akamtazama Kumba, akangoja. Kumba aliona kwamba macho yale yaliuliza kitu, na kwamba mama yule alikuwa ameamua kutouliza mbele ya watu. Angekula wali wao, angeaga, angeondoka na aibu yao. Pengine hata pesa angetuma.

"Huyu si wangu," Kumba alisema kwa Kifaransa.

Asane aligeuka kama aliyeitwa na polisi.

"Anaitwa Seydou, mama yake ni yule pale. Ni mtoto wa kiume. Tumemkodi elfu tano." Alikuwa anavuta lile furushi la shuka kutoka chini ya bubu, na lilikuwa limekaza, na lilichukua muda, na wote walimtazama akilivuta. "Yande alizaliwa mwezi wa pili. Alikufa siku hiyohiyo. Mimi sikumwona."

Ndella aliweka sahani yake chini.

"Anasema nini?" Mama Sukeyna aliuliza, akiangalia uso wa huyu na wa yule. "Asane, kasema nini? Hajapenda chumba?"

Godelieve alisimama, akampelekea Ndella mtoto wake, akahakikisha amemshika vizuri. Kisha akamgeukia Asane. Alionekana kama angeuliza jambo refu, lakini alilouliza lilikuwa fupi.

"Kwa nini ulinipa jina lake la kweli?"

Asane aliinama akaanza kukunja blanketi la mtoto.

* * *

Kumba alimfuata mgeni nje kwa bubu la kukodi, peku, akipita katikati ya watu waliokuwa wanasubiri wali. Alimkuta amefika kwenye kona ya barabara, anaangalia huku na huku bila kujua teksi zinatoka upande gani.

"Huku, madamu."

Walisimama pamoja juani. Godelieve alitoa kitambaa akajifuta shingo.

"Sitakwenda polisi, kama ndilo unalotaka kuniuliza."

"Ndilo nilitaka kukuuliza," Kumba alisema.

"Nilimpigia dada yangu simu. Nikamwambia, nimealikwa, mimi peke yangu, katika hoteli nzima. Nilijiona mtu wa maana." Alicheka kidogo, kicheko kisichomfurahisha hata yeye. "Ningejuaje? Niambie. Nina siku tisa bado za kukaa hapa na sasa naogopa hata kumwitikia mtu salamu."

Kumba alisita. Kilichokuwa kinamjia mdomoni ndicho kilichokuwa kinaleta mchele nyumbani kwake, na kwa nyumba nyingine kadhaa alizozijua. Halafu akasema.

"Usishike kitu unachowekewa mkononi. Hata wakisema ni cha bure. Acha kianguke, wataokota wenyewe. Mtu akikuambia 'umenisahau, mimi ni mlinzi wa hoteli yako,' mwulize hoteli gani, usimtajie wewe. Akijua jina lako, angalia kama limeandikwa kwenye begi lako. Akisema leo duka la serikali lina punguzo, leo ndiyo siku ya mwisho, hakuna duka la serikali. Wawili wakikushika suruali mguuni wanakusifia kitambaa, shika mfuko wako kwanza. Ukitaka kubadili fedha, ingia mlangoni, usibadili na mtu anayetembea."

"Na mtoto mchanga?"

"Mtoto aliyezaliwa kweli," Kumba alisema, "baba yake hana muda wa kuzurura mjini. Ana kazi nyumbani."

Godelieve aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayeandika.

"Na salamu itikia," Kumba aliongeza. "Wengi wanakusalimia tu."

Teksi ilisimama. Kumba alibishana na dereva mpaka akashusha nauli kwa nusu, akamwonyesha Godelieve kwa vidole asizidishe hapo. Mama yule aliingia, akashusha kioo.

"Zile nguo mpe huyo Seydou," alisema. "Baridi ya hapa siijui, lakini mpe." Akafikiri. "Ulikuwa na wiki ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Anayeishi mpaka alasiri kwa wiki thelathini na nne amejitahidi sana," Godelieve alisema, na sauti yake ilikuwa sauti ya kazini. "Na mama yake pia."

Teksi ikaondoka. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Kumba neno kama lile, wala la kufanana nalo. Alibaki kando ya barabara mpaka lami ikamchoma nyayo.

* * *

Alipofika uani watu walikuwa wanakula. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, na hakuna aliyeona sababu ya kukiacha. Mama Sukeyna alikuwa anagawa sahani bila kumtazama mtu, uso umemshuka, na Kumba alipopita alisema tu, "Kila mwezi, binti yangu. Kila mwezi." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja kitu kilichozama.

Mlangoni kwake Ndella aliketi na kofia gotini na sindano mkononi. Alikuwa anafumua uzi mwekundu. Herufi mbili za mwanzo zilikwishatoka.

"Samahani, dada," alisema. "Nimemchukulia Seydou, nikaona nisikusumbue. Uzi unatoka vizuri tu."

Kumba alizitazama zile herufi zilizobaki.

"Toa," alisema. "Seydou hana kosa lolote."

Chumbani Asane alikuwa anatia nguo kwenye begi. Alizitia, akazitoa, akazitia tena.

"Naenda Tiesi kwa binamu mpaka mambo yapoe."

"Haendi polisi. Nimemwuliza."

Asane aliacha mikono ndani ya begi.

"Zimebaki ngapi za yule mama?" Kumba aliuliza.

"Thelathini na kidogo."

"Mpelekee mlinzi ampe. Leo. Na njia zenu zote nimemwambia, moja baada ya moja, ili usije ukasikia kwa mtu mwingine."

"Zote?" Asane aligeuka. "Kumba, kuna watu wanakula kwa hizo. Laye katoka ndani juzi tu, ana watoto wanne."

"Sikumuuza Laye. Wewe uliuza jina la mwanetu." Sauti ilimpanda, naye akairudisha chini kwa nguvu, maana nje kulikuwa na watu na sahani. "Majina yamejaa mji huu, Asane. Ungesema Awa. Ungesema Fatu. Kwa nini lile?"

Asane aliketi sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Alipoanza kusema hakusema kwa haraka yake ya siku zote.

"Siku ya kwanza nilitaka kusema Awa. Likanitoka lile. Mtu yule, Mfaransa, akanishika mkono. Akaniambia hongera baba Yande. Akaniuliza ana uzito gani, anafanana na nani. Nikamwambia." Alipangusa uso kwa kiganja. "Kumba, mimi sikupewa pole wala hongera na mtu. Nilirudi toka makaburini nikaambiwa nisikutajie, daktari kasema, mama kasema, mwache asahau. Nikanyamaza. Kule barabarani ndiko nilikokuwa na mtoto. Siku nyingine hela hawakunipa, na nilimaliza habari hata hivyo. Yule mama wa Jumatatu alinikumbatia. Sikuweza kumwachia."

Kumba alisimama na mgongo mlangoni. Alitaka kumpiga, na alitaka kukaa naye sakafuni, na hakufanya lolote kati ya hayo.

"Mimi nilikuwa humu ndani," alisema. "Miezi tisa. Ukiwa unatafuta mtu wa kumwambia, nilikuwa humu ndani."

"Najua."

"Ulimwambia Mfaransa uzito wake. Mimi siujui."

"Kilo mbili na robo," Asane alisema. "Nywele nyingi. Kidole kidogo cha mguu kimepinda kama chako."

Ikabidi Kumba akae.

Baadaye, sauti za sahani zilipokwisha nje na wanaume wa viti walipokuja kuchukua viti vyao, aliuliza jambo ambalo kwa miezi tisa aliambiwa halimhusu mwanamke.

"Mlimzika wapi?"

"Yofu. Upande wa watoto."

"Kesho unanipeleka."

* * *

Walitoka asubuhi, Kumba kwa nguo zake mwenyewe na mtandio mweupe, Asane kwa kanzu ya Ijumaa. Mfukoni Asane alikuwa na karatasi iliyotoka kwa mlinzi, jina la huyo mlinzi limeandikwa, kwamba elfu thelathini na mbili zimepokelewa. Jumatatu angeamkia kazi gani hakujua, na Kumba hakumwuliza.

Upande wa watoto ulikuwa mwisho kabisa, karibu na ukuta, mchanga mtupu na vigingi vidogo vya mbao, vingine vimelala. Makombe ya baharini yalikuwa yamepangwa kuzunguka makaburi machache. Mengi hayakuwa na kitu. Upepo wa bahari ulikuwa unahamisha mchanga kutoka kaburi hili kwenda lile.

Asane alitangulia. Alipita mstari wa kwanza na wa pili, akahesabu kwa midomo, akasimama. Akarudi ukutani, akaanza upya. Safari hii alikwenda mpaka mstari wa nne. Alitazama kigingi kimoja, akakigusa, akakiacha. Kumba alingoja nyuma yake, mtandio ukimpiga usoni.

Angeweza kuonyesha kaburi lolote. Kumba angeamini, maana hakuna aliyekuwa na njia ya kujua, na angelilia hilo maisha yake yote. Naye Asane, ambaye kwa miezi miwili alikuwa amewafanya wageni kutoka nchi ishirini waamini chochote alichotaka, alisimama katikati ya mchanga na mikono imening'inia.

"Silijui," alisema. "Nilikuwa nalia, sikuhesabu. Hapakuwa na kigingi, walisema kitaletwa." Akaonyesha kwa kiganja, taratibu, akiogopa kukosea. "Ni kati ya hapa na pale kwenye ukuta. Zaidi ya hapo sijui, Kumba."

Kumba alipaangalia hapa, akapaangalia pale. Palikuwa na makaburi tisa, labda kumi. Akavua viatu, akapita katikati yake kwa uangalifu asikanyage lolote, akajipatia nafasi palipokuwa na nafasi, akaketi.

"Njoo ukae," alimwambia mumewe. "Niambie tangu mwanzo."